Tangi Dogo la Mwamba na Maji Yajibadilishayo

Mtu asimamaye juu ya mwamba wakati maji yamekupwa huona vidimbwi vingi vilivyoachwa baina ya mawe, kila kimoja na samaki wake wadogo, kaa wake na mwani wake. Vidimbwi hivi havina mtu wa kuvihudumia. Jua la saa sita huyapasha maji yake moto, chumvi huzidi kwa kuwa maji hugeuka mvuke na chumvi haigeuki, na taka za viumbe hujilimbikiza. Lakini kabla madhara hayajakomaa, bahari hurudi. Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kujaa na kupwa pande za Zanzibar hukaribia mita 4, na hata vidimbwi vilivyo juu huoshwa. Wakati wa maji mafu baadhi yake hukaa siku kadhaa bila kufikiwa, na wakaao humo ni wale tu wawezao kuvumilia. Hilo ndilo badiliko la maji lijiendeshalo lenyewe, ambalo wafugaji wa matumbawe wa nchi za mbali hujaribu kuliiga kwa pampu, mipira na saa za umeme. Twaona kwamba mwalimu wa pwani atakaye kulifundisha hana budi kuanzia hapo, mwambani, kabla ya kutaja chombo chochote.

Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi tangi moja dogo la kioo, lenye lita 100 za maji ya bahari, lilivyotumika chuoni kwetu katika kuwafundisha walimu-wanafunzi sayansi na hisabati. Hatukusudii kumshawishi kila mwalimu awe na tangi. Swali lililotushughulisha kuliko mengine ni hili: kazi ya mikono ikikabidhiwa chombo, mwanafunzi hubaki na nini?

Swali hilo si geni katika historia ya ufugaji wa viumbe vya bahari. Mwaka 1846 Mwingereza mmoja, Bibi Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, katika pwani ya kusini ya Uingereza, akayapeleka nyumbani kwake London. Huko maji ya bahari yalikuwa adimu. Basi yaleyale yaliyokuwapo yalimiminwa kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kwa muda wa nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Matumbawe yakaishi; Bibi Thynne akaandika aliyoyaona, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1859. Lakini mikono iliyomimina maji haikuwa yake, ilikuwa ya mtumishi wake wa nyumbani. Yule mtumishi ndiye aliyekuwa pampu. Elimu ya matumbawe ikabaki chini ya jina la bibi, na habari ya mtumishi iliyobaki ni kwamba alimimina.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1956, René Catala alifungua akwaria huko Nouméa, Kaledonia Mpya, ambamo maji ya bahari yalipitishwa mfululizo juu ya matumbawe hai, hata bahari yenyewe ikachukua kazi ya yule mtumishi. Mfugaji aliye Chicago au Berlin hana bahari ya kupitisha. Yeye huchanganya chumvi maalumu na maji safi, kisha hutoa kidogo na kutia kidogo. Na siku hizi aghalabu hukiachia chombo kifanye hivyo usiku na mchana.

Tangi letu lina mawe, mchanga, vipande vitatu vya matumbawe laini vilivyopatikana kwa kibali cha maofisa wa uvuvi, samaki wawili wadogo, konokono kadhaa na kaa wabebao makombe. Matumbawe magumu hatukuyataka. Mwamba wa pwani hii uliumia vya kutosha kwa joto la bahari la mwaka 1998, ukaumia tena mwaka 2016, na hakuna somo linalostahili kuung'olea tawi. Atakaye kuwaonyesha wanafunzi matumbawe magumu na awapeleke mwambani, au, aliye Zanzibar, katika kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulihifadhiwa rasmi mwaka 1994 na ambako watoto wa shule hufundishwa ndani ya maji yenyewe.

Hapo mwanzo maji yalibadilishwa kwa mkono. Kila Jumamosi lita 14 zilitolewa kwa mpira, na lita 14 mpya zikatiwa. Chuo kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ufukweni, na maji yaliletwa kichwani kwa ndoo. Tulipoyapitia madaftari ya muhula mmoja tuliona jambo ambalo walimu wengi watalitambua katika shule zao. Majina ya waliokwenda kuchota yalijirudia: wengi wao wanawake, na wengineo wenyeji wa pwani, kwa kuwa hao wajua maji yatajaa saa ngapi. Majina ya waliopima na kuandika yalijirudia vilevile, na hayakuwa yale ya kwanza. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Kazi hujigawa yenyewe kwa desturi, kama mto ushukavyo bondeni.

Tulipouliza darasani kwa nini maji ya ufukwe wa karibu hayafai wakati wa masika, waandishi walikaa kimya, au walitaja uchafu. Mmoja wa wachotaji alisema kwamba baada ya mvua kubwa mto hutoa maji mengi, na maji ya mlangoni pake hayana chumvi ya kutosha hata ulimini. Ndiyo maana yeye hupita mbele zaidi, akachota maji yanapokuwa yanajaa. Hakuwa ameambiwa na mtu. Maarifa hayo hayakuwamo katika daftari, kwa sababu aliyekuwa nayo hakupewa kalamu. Tangu siku hiyo kanuni ikawa kwamba achotaye ndiye apimaye, na apimaye ndiye aelezaye mbele ya wenzake. Kanuni hiyo ilileta manung'uniko, hasa kwa waliokuwa wamezoea kalamu peke yake.

Ndipo likaja shauri la kuyafanya maji yajibadilishe. Chombo cha kwanza hakikuwa na umeme. Mpira wa dripu, ulio mpya na haujatumika kwa mgonjwa, ulifungwa katika ndoo ndogo iliyowekwa juu ya rafu. Na katika ubavu wa tangi ulitengenezwa mfereji mdogo wa kufurikia, ili maji yakizidi yatoke yenyewe na kuingia katika dumu lililo chini. Mpira wa namna hii kwa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita 1. Tukitaka lita 2 kwa siku tunahitaji matone 40,000. Siku ina dakika 1,440. Basi ni matone 28 hivi kwa dakika. Hesabu hii, iliyo ya kuzidisha na kugawanya tu, huwafurahisha wanafunzi kuliko nyingi zilizomo vitabuni, kwa kuwa jibu lake huonekana likidondoka.

Twashauri ndoo ya juu isiwe kubwa. Ikiwa na lita 60 matone yatapungua kadiri maji yanavyoshuka ndani yake, na siku mpira ukilegea maji yote yatamwagika. Ikijazwa lita 2 kila asubuhi, kosa kubwa kuliko yote haliwezi kuzidi lita 2. Akiba ya mwezi mzima, lita 60 hivi, huletwa siku za bamvua kwa mkokoteni, huchujwa kwa kitambaa na kuwekwa katika pipa lililofunikwa mahali penye giza. Hivyo safari nne za kichwani zikawa safari moja ya mkokoteni, na mkokoteni haukuchagua mwanamke wala mwanamume.

Somo gumu zaidi lilikuwa la mvuke. Wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili: kufidia maji yaliyokauka, na kubadilisha maji yaliyochakaa. Tuseme tangi hupoteza lita 1 kwa siku kwa mvuke, na dripu hutia lita 2 za maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa lita. Katika mfereji itatoka lita 1 tu, kwa sababu lita nyingine imepaa. Chumvi iingiayo ni gramu 70. Itokayo siku ya kwanza ni gramu 35. Baada ya siku 10 maji yatapita gramu 38 kwa lita; na yakiachwa muda mrefu yataelekea gramu 70, maradufu ya bahari, kwani hapo tu ndipo lita 1 itokayo huweza kubeba chumvi yote iliyoingia. Kitu kilekile kiwapacho riziki wenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo kitaua matumbawe ya darasani. Dawa yake ni dripu ya pili, ya maji baridi yasiyo na chumvi, ifidiayo mvuke peke yake. Tulipoieleza kwa maneno walielewa wachache. Tulipoweka ndoo mbili zisizo na viumbe juani, moja ikafidiwa kwa maji ya bahari na nyingine kwa maji baridi, walielewa karibu wote kabla wiki mbili hazijatimia.

Baada ya chumvi huja taka. Chakula cha samaki na kinyesi chao hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa naitraiti na kisha naitreti, na naitreti hubaki majini ikiongezeka. Hapa tulitumia mfano wa deni la dukani. Mtu akikopa senti 50 kila siku, na kila siku akalipa sehemu 2 kwa mia ya deni lote, deni halitaisha wala halitakua milele. Litasimama mahali ambapo malipo yamelingana na mkopo, yaani shilingi 25. Vivyo hivyo tangi liongezalo nusu miligramu ya naitreti kwa lita kila siku, huku likibadilishiwa lita 2 katika 100, litatulia penye miligramu 25 kwa lita. Abadilishaye lita 14 kila Jumamosi atafika palepale: 25 kabla ya kubadilisha, 21.5 baadaye, kisha 25 tena. Tofauti ni kwamba matumbawe yake hurushwa juu na chini kila wiki, na ya dripu hayajui kwamba lolote limebadilika. Mwanafunzi akiona 25 ni nyingi, ana njia mbili, kuongeza maji au kupunguza chakula. Na ya pili haina gharama. Wengi walishangaa kwamba chombo chote kile hakikuweza kufanya lile ambalo vidole vya mlishaji vingeweza.

Baadaye chuo kilipata pampu mbili ndogo za umeme, za aina ambayo magurudumu huubana mpira na kuyasukuma maji. Moja hutoa na nyingine hutia, na boya la maji baridi hufidia mvuke. Ni vyombo vizuri, ila tabia yao moja yafaa ijulikane: mpira huchakaa, na pampu mbili zilizolingana leo hazilingani baada ya miezi. Tuseme moja hutoa lita 2 kamili na nyingine hutia lita 1.9. Boya litaona upungufu, na kwa utiifu wake litajaza kwa maji baridi. Chumvi itashuka polepole kutoka gramu 35 hadi 33.25, na itachukua siku 50 hivi kumaliza sehemu 63 kwa mia za safari hiyo. Hakuna kengele itakayolia. Mtu pekee awezaye kuligundua ni yule apimaye kila siku na kulinganisha na wiki zilizopita. Kukatika kwa umeme, ambako wageni hukuogopa sana, hakuna madhara makubwa kwa kazi hii. Maji yasiyobadilishwa leo yatabadilishwa kesho, na la kuhangaikia hapo ni hewa ya samaki.

Lakini je, wanafunzi walipima? Wiki ya tano tangu dripu iwekwe, daftari lilionyesha kipimo cha uzito wa maji kuwa 1.026 kwa siku 9 mfululizo, ilhali kipimo chenyewe kilikuwa kimefungiwa kabatini siku 4 kati ya hizo. Alipoulizwa, mwandishi alijibu kwa unyofu kwamba maji sasa hujiendesha, basi kuna haja gani? Jibu lake lilitufikirisha kuliko lingetukasirisha. Alipokuwa akichota na kumimina, alilazimika kuuweka mkono wake ndani ya tangi kila Jumamosi. Aliona konokono aliyekufa, aliona mwani ulioota kiooni, alinusa. Chombo kilipomwondolea kazi kilimwondolea na sababu ya kukaribia. Mkono ulipumzika, na jicho likapumzika pamoja nao.

Wenzetu wengine walitaka dripu iondolewe, turudi kwenye ndoo, wakidai kwamba Elimu ya Kujitegemea ilitufundisha tangu 1967 kwamba mikono ndiyo inayosoma. Hatukukubaliana nao. Mikono husoma pale tu ambapo mwenye mikono hupewa nafasi ya kusema alichosoma. Vinginevyo twarudi kwa mtumishi wa London. Wengine walitaka kwenda mbele zaidi, wanunue vipimo vya umeme vinavyoandika chumvi na joto vyenyewe. Hao nao hatukukubaliana nao, angalau kwa chuo cha walimu. Mfugaji wa Berlin anataka matumbawe yaliyonawiri, na chombo kimpacho hayo kimetimiza wajibu. Sisi twataka mwalimu, na tangi ni zana tu ya kumfundishia.

Tulichofanya ni kuigawa kazi kwa namna nyingine. Kila kundi la wageni wa tangi hufanya kazi yote kwa ndoo na mpira kwa majuma matatu, likichota, likipima na likieleza, kabla halijaruhusiwa kugusa dripu wala pampu. Baada ya hapo chombo huendelea na kazi, na kundi hupewa wajibu wa kukikagua: kuyapima kwa chupa maji yatokayo na yaingiayo kila Ijumaa, na kutabiri chumvi ya mwezi ujao kabla ya kuipima. Utabiri hubandikwa ukutani. Anayebashiri mbele ya wenzake hapimi kwa kubuni, kwa kuwa anataka kujua kama ameshinda. Zaidi ya hayo, katika ndoo isiyo na kiumbe hai, mwalimu huharibu jambo moja kwa siri, mathalani huifunga dripu ya maji baridi, na kundi hutakiwa kuligundua kwa vipimo peke yake. Katika tangi lenyewe hatuthubutu. Hatuoni haki ya kuwatesa viumbe kwa ajili ya mtihani.

Walimu-wanafunzi wetu wengi watakwenda kufundisha mbali na bahari, katika shule zisizo na umeme, na wameuliza mara nyingi tangi hili litawafaa nini huko. Kwao tumetengeneza zoezi la maharage. Kila kundi la watoto hupewa maharage mekundu 50 katika kibakuli. Hayo ni maji ya zamani. Mtoto hufumba macho, hutoa maharage 5, na kutia meupe 5; kisha huchanganya vizuri na kurudia mara 10. Kabla ya kuanza huulizwa: baada ya kutoa jumla ya 50, mekundu mangapi yatabaki? Watoto karibu wote hujibu kwamba hakuna litakalobaki. Kwa hesabu hutarajiwa kubaki 17 au 18, kwa sababu kila mara hubaki sehemu 9 katika 10 za yaliyokuwapo. Makundi hayapati sawa, na tofauti zao ni somo jingine. Anayezijua desimali aweza kuendelea mwenyewe: tangi la lita 100 likibadilishiwa lita 2 kila siku kwa siku 50, bado lina lita 36 za maji ya zamani.

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita, mtoto wa darasa la sita alinyosha mkono baada ya zoezi hilo, akasema kwamba maharage mengine meupe aliyoyatoa yalikuwa meupe aliyoyatia mwenyewe. Kwa nini basi wanatupa maji mapya? Kama wangemwaga nusu yote mara moja, na nusu tena, yangebaki mekundu 12 au 13, na meupe machache zaidi yangepotea bure. Mtoto alikuwa amesema kweli: anayebadilisha kidogo kidogo hutupa sehemu ya maji aliyoyachota, na hiyo ni bei anayoilipa ili viumbe wasishtuke. Mwalimu-mwanafunzi aliyekuwa akifundisha hakulijibu swali hilo papo hapo. Aliliandika ubaoni, akaliacha hapo hadi kipindi cha kesho yake, na kesho yake watoto walikuja na maharage yao wenyewe kutoka nyumbani.